Kisa ndicho mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usimulizi na nafsi katika hadithi fupi za mwanzo za Marekani

"Za mwanzo" maana yake za miaka gani?

Hapa tunahesabu kuanzia 1819, Washington Irving alipotoa sehemu ya kwanza ya The Sketch Book, hadi 1853, mwaka zilipochapishwa Bartleby ya Herman Melville na The Heroic Slave ya Frederick Douglass. Katikati wamo Nathaniel Hawthorne na Edgar Allan Poe. Kabla ya 1819 visa vifupi vilikuwapo magazetini, lakini vingi vilikuwa mawaidha yaliyovikwa wahusika. Kwa Irving, namna kisa kinavyosimuliwa ikawa sehemu ya kisa chenyewe.

Hoja yenyewe ni ipi?

Mhusika wa hadithi hizi hajui yeye ni nani kwa kujichungulia moyoni. Anakuwa mtu fulani pale anapotoa kisa chake na wengine wakakipokea. Wakikikataa, hata jina linamponyoka.

Msomaji wa Kiswahili ana mtaji hapa. Mtambaji akisema "Paukwa!", hadhira isipoitikia "Pakawa!" hakuna hadithi, kuna mtu anayesema peke yake. Irving na wenzake waliandika mara nyingi juu ya yule aliyesema paukwa, umati ukamkodolea macho.

Kwa nini kila mwalimu huanza na Rip Van Winkle ya Irving?

Kwa sababu ndani yake mchakato wote unaonekana, hatua kwa hatua, katika ukurasa mmoja au miwili ya mwisho.

Rip anapanda milima ya Catskill na bunduki na mbwa wake, anakunywa kinywaji cha wageni wa ajabu wanaocheza mchezo wa kuangusha vigingi kwa tufe, analala miaka 20. Alipolala alikuwa raia wa mfalme wa Uingereza. Anaamka nchi imepigana vita na kuwa jamhuri, na yeye hana habari. Anaingia kijijini siku ya uchaguzi. Sasa fuata mpangilio wa matukio:

Kwanza anajitambulisha kwa maneno ya zamani: mtu maskini mpole, mwenyeji wa hapa, raia mwaminifu wa mfalme. Kila neno ni kweli kwa hesabu ya miaka 20 iliyopita, na kila neno linamtia hatarini. Wanamwita jasusi.

Pili anatafuta mashahidi. Mwenye baa, Nicholas Vedder, alikufa miaka 18 iliyopita. Brom Dutcher alikwenda vitani na hakurudi. Van Bummel aliyekuwa mwalimu yuko bungeni. Waliojua kisa chake wametoweka.

Tatu anauliza kama hakuna anayemjua Rip Van Winkle. Wanamjua! Wanamwonyesha kijana aliyeegemea mti, nakala yake halisi. Ni mwanawe, jina lilelile, uvivu uleule. Hapo ndipo Rip anavunjika na kusema kwamba yeye si yeye, kwamba jana alikuwa mwenyewe ila alilala mlimani, na sasa hawezi kulitaja jina lake wala kusema yeye ni nani.

Nne, na hapa wengi hupita mbio: anayempa Rip kisa chake ni binti yake. Judith anakuja na mtoto mchanga (naye anaitwa Rip, kwa hiyo wako watatu uwanjani) na anaeleza kwamba baba yake aliondoka na bunduki miaka 20 iliyopita, mbwa akarudi peke yake. Rip anausikia wasifu wake mdomoni mwa mtu mwingine, kisha anaukubali. Bibi mmoja mzee anamtazama usoni na kuthibitisha. Mzee Peter Vanderdonk anaongeza kwamba baba yake aliwahi kuwaona wageni hao wa mlimani. Kisa kimepata mdhamini, na Rip anapata nyumba ya kuishi.

Tano, Rip anakaa hotelini kwa Bwana Doolittle akimsimulia kila mgeni. Irving anasema mwanzoni alikuwa akibadilisha vipengele fulani kila aliposimulia, mwishowe kikatulia kama tulivyokisoma. Sentensi hiyo ndiyo ufunguo. Rip mpya ametengenezwa na usimulizi uliorudiwa mpaka ukaganda. Kama aliyelala mlimani ndiye anayesimuliwa, hakuna wa kutuambia.

Lile dokezo la mwisho wa Rip Van Winkle kuhusu cheti ni mzaha tu?

Ni mzaha wenye kazi. Diedrich Knickerbocker, mwanahistoria wa kubuni anayedaiwa kuandika kisa hiki, anasema aliongea na Rip mwenyewe na tena aliona cheti kilichothibitishwa mbele ya hakimu wa shamba, kikatiwa alama ya msalaba kwa mwandiko wa hakimu huyohuyo. Kwa hiyo, asema, hakuna nafasi ya shaka. Hakimu anayesaini kwa msalaba ni hakimu asiyejua kuandika. Ushahidi wa kiserikali umejengwa juu ya mchanga uleule kama maneno ya mzee wa hotelini.

Ukipanga ngazi utapata: Irving anajificha nyuma ya Geoffrey Crayon, msimulizi wa kubuni wa The Sketch Book, Crayon anaokota karatasi za marehemu Knickerbocker, Knickerbocker anamsikiliza Rip, na Rip alikuwa amelewa. Irving alianza mchezo huu mapema: mwaka 1809, kabla ya kutoa kitabu chake cha historia ya New York, aliweka matangazo gazetini ya kumtafuta mzee Knickerbocker aliyepotea. Mtu ambaye hakuwahi kuwapo akatafutwa. Na mpiga chapa aliyetoa The Sketch Book mjini New York aliitwa C. S. Van Winkle, kwa hiyo jina la mhusika lilikuwa pia chini ya ukurasa wa mbele.

Je, Rip Van Winkle si kisa kilichoibwa Ujerumani? Na kinafanana na Watu wa Pango.

Mfupa wa kisa ulitoka Ujerumani, katika ngano ya mchunga mbuzi Peter Klaus iliyochapishwa mwaka 1800. Irving aliandika toleo lake akiwa Birmingham, Uingereza, nyumbani kwa dada yake. Nyama aliiongeza yeye: mapinduzi, uchaguzi, picha ya Mfalme George iliyopakwa rangi upya ikawa Jenerali Washington, sura ileile na koti jipya. Hilo la picha usilipite. Nchi nayo imesimuliwa upya juu ya uso wa zamani.

Ukilinganisha na kisa cha Watu wa Pango katika Suratul Kahf, angalia kinachowaunganisha waliolala na mji. Mmoja wao anatumwa mjini na sarafu ya fedha, na katika masimulizi mengi ya kisa hicho sarafu ndiyo inayofichua umri wao. Rip hana sarafu. Ana bunduki yenye kutu na ndevu za futi moja, na vyote viwili havithibitishi lolote. Kinachobaki ni maneno.

Kuna anayepoteza kisa chake na asikipate tena?

Wakefield, katika hadithi ya Hawthorne ya 1835. Mwanamume wa London anamuaga mkewe kwamba anasafiri siku chache, anapanga chumba mtaa wa pili, anakaa huko miaka 20 akiichungulia nyumba yake. Ananunua nywele za bandia. Hakuna aliyemfukuza.

Ni kinyume cha Rip kwa kila kipimo. Rip alilazwa, Wakefield alichagua; Rip anarudi na kisa, Wakefield anarudi bila neno, na msimulizi anakataa kuvuka naye kizingiti. Zaidi, Wakefield si jina lake. Msimulizi anasema alisoma habari hiyo katika gazeti au jarida la zamani, anapendekeza tumwite hivyo, halafu anajaza mengine yote kwa kuwaza. Mtu aliyeacha kujisimulia amesimuliwa na mgeni, na jina akapewa na mgeni.

Ukitaka kuwafundisha wanafunzi jambo hili kwa saa moja tu, soma hii, wala si Rip. Ni fupi, na haina ucheshi wa kuwapoteza.

Ichabod Crane anaingia wapi?

Katika The Legend of Sleepy Hollow ya Irving (1820) mwalimu Ichabod anapenda hadithi za majini na wachawi hadi zinamtawala. Hasimu wake, Brom Bones, anajigamba karamuni kwamba aliwahi kushindana mbio na mpanda farasi asiye na kichwa. Usiku huohuo Ichabod anakimbizwa na kiumbe kama kile, na asubuhi linakutwa boga lililopasuka kando ya kofia yake. Brom alishinda kwa kuelewa kwamba mwenzake ameumbwa kwa hadithi; akampa moja ya ziada.

Baada ya hapo Ichabod ana maisha mawili. Mkulima mmoja anasema yu hai, amekuwa wakili, mwanasiasa, kisha hakimu wa mahakama ndogo. Akina mama wa kijijini wanashikilia kwamba alichukuliwa na mzimu. Kijiji kimechagua la pili kwa sababu linasimulika vizuri zaidi jioni kando ya moto.

Katika My Kinsman, Major Molineux ya Hawthorne, Robin anasimulia nini?

Zaidi ni sentensi moja anayoirudia, na hapo ndipo ugumu. Kijana wa takriban miaka 18 anavuka kivuko usiku na kuuliza kila anayekutana naye nyumba ya jamaa yake Meja Molineux iko wapi. Jina hilo ndilo kitambulisho chake: mimi ni ndugu wa fulani. Sisi tunaijua desturi hiyo, unamuuliza mtu ni nani naye anakutajia ukoo. Watu wanamcheka au kumtishia, naye kila mara anajitungia sababu na kujisifu kwa werevu.

Mwishoni meja anapitishwa barabarani amepakwa lami na manyoya, na Robin anacheka pamoja na umati, tena kicheko chake ndicho kikubwa kuliko vyote. Andika pembeni mwa ukurasa idadi ya mara jina la jamaa linapotajwa kabla ya kicheko, na kama kijana analitamka tena baada yake. Insha nusu imekwisha hapo.

William Wilson ya Poe ina pacha wa kweli au ni dhamiri?

Swali hili linawachosha walimu, na Poe mwenyewe aliweka dhamiri kwenye maneno ya utangulizi. Swali lenye faida ni jingine: kwa nini msimulizi anaanza kwa kuomba aitwe William Wilson kwa sasa? Jina ni la bandia. Anatuungamia chini ya jina ambalo si lake, kuhusu mtu aliyemchukia kwa kuwa na jina sawa na lake. Hata maungamo ni vazi.

Kiswahili kinafaa kuliko Kiingereza hapa. Neno letu ni *somo*. Somo ni mtu mnayeshiriki jina, na katika mila za pwani somo pia ni yule anayemfunda mwari, anayemnong'oneza ya kufanya na ya kuacha. Mwenzake Wilson ni somo kwa maana zote mbili: ana jina lake, siku yake ya kuzaliwa (19 Januari, ambayo ni ya Poe pia), na sauti yake haipandi juu ya mnong'ono, nao mnong'ono huo ni wa kushauri. Anapomchoma upanga, anamuua somo kwa maana zote mbili. Atakayeitafsiri hadithi hii akiweka "wajina" atakuwa sahihi, ila atapoteza nusu ya utamu.

Na The Tell-Tale Heart ya Poe?

Muuaji anataka tukubali kwamba si mwendawazimu, na ushahidi anaouleta ni jinsi anavyosimulia kwa utulivu. Kadiri anavyotulia ndivyo tunavyomshuku. Usikivu wake mkali, usiku saba wa kuchungulia chumbani kwa mzee saa sita, tahadhari zake zote, anavitaja kama sifa. Ni maneno yapata 2,200, inasomeka kwa sauti kwa dakika 15 hadi 20, na lazima isomwe kwa sauti. Nani anasikiliza? Polisi, daktari, mfungwa mwenzake? Poe hasemi. Sisi ndio tumekalishwa kwenye kiti hicho.

Bartleby hana hadithi kabisa. Anahusikaje?

Anahusika kwa sababu hiyo. Wakili wa Wall Street anatangulia kutuambia kwamba angeweza kuandika wasifu wa makarani wengine, lakini wa Bartleby hauwezekani, hakuna malighafi. Makarani wenzake wana majina ya utani tu, Turkey, Nippers na Ginger Nut. Wakili mwenyewe hatajwi jina. Bartleby peke yake ndiye mwenye jina halisi, na ndiye asiye na kisa. Akiulizwa alizaliwa wapi, anajibu kwamba angependelea asijibu.

Wakili hawezi kuvumilia pengo hilo. Mwishoni anatoa tetesi kwamba Bartleby aliwahi kufanya kazi ofisi ya barua zilizokosa wenyewe huko Washington. Wasomaji wengi huishika tetesi kama jibu. Ni tetesi, wakili mwenyewe anasema hajui msingi wake. Kinachoonekana ni hitaji lake la kumfunga Bartleby, ambaye sasa ni marehemu, kwa kisa chochote ili yeye wakili alale.

Mtumwa katika fasihi hiyo anapata nafasi ya kujisimulia?

Hapa ndipo hoja inapoacha kuwa mchezo. Rip asipoaminiwa anaonekana mzee wa ajabu; mtumwa asipoaminiwa anarudishwa kwenye minyororo.

Douglass, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa akatoroka mwaka 1838, alichukua tukio la kweli: uasi kwenye meli Creole, Novemba 1841, ambapo Madison Washington na wenzake waliiteka meli iliyokuwa ikiwapeleka New Orleans na kuielekeza Nassau, Bahama, chini ya Waingereza waliokwisha kufuta utumwa. Rekodi juu ya maisha ya Madison ni chache, na Douglass akazijaza kwa sehemu nne. Katika ya kwanza Madison anajisemea msituni akidhani yu peke yake, na msafiri mzungu anamsikia. Ya pili, amekaa mezani kwa msafiri huyo huko Ohio na anasimulia mwenyewe, kwa hiari. Ya tatu, yuko tena kwenye mnyororo, na msafiri anampa tupa za kukatia chuma. Ya nne hayupo kabisa: uasi unasimuliwa na baharia mzungu, Tom Grant, katika mkahawa wa mabaharia huko Richmond, mbele ya watu wanaomkejeli.

Kwa nini shujaa aondolewe kwenye sehemu yake kuu? Kwa sababu Douglass alijua hadhira yake ilikubali ushahidi wa nani. Adui anayelazimika kumheshimu ni shahidi asiyeweza kudaiwa kupendelea. Tunaona hesabu hiyo ni ya busara na ni ya uchungu. Msafiri anaitwa Listwell, jina lililounganishwa kutokana na maneno ya kusikiliza na vizuri. Douglass hakuwa anaficha alichotaka kwa msomaji.

Waandishi wenyewe walikuwa na majina thabiti?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Hawthorne alizaliwa Hathorne. Akaongeza herufi moja, na babu yake mmoja alikuwa hakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692. Hadithi zake za mwanzo zilitoka bila jina lake. Liliwekwa kwenye kitabu mwaka 1837, Twice-Told Tales. Poe aliingia jeshini mwaka 1827 kama Edgar A. Perry. Familia ya Melville iliongeza "e" mwishoni baada ya kifo cha baba. Douglass alizaliwa Frederick Bailey, akabadili jina alipofika uhuruni. Usijenge tafsiri ya hadithi juu ya hayo, ila ni vizuri kuyajua.

Nisomeje ili nione usimulizi, si kisa peke yake?

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili chora safu nne: nani anasimulia, anamwambia nani, ana ushahidi gani, atapata nini akiaminiwa. Jaza mstari mpya kila sauti inapobadilika. Rip itakupa mistari mitano au sita, Wakefield miwili. Safu ya nne ndiyo ngumu na ndiyo yenye alama. Rip anapata chakula na kiti cha barazani, wakili wa Melville anapata usingizi.

Kisha tafuta mahali ambapo mtu anaulizwa "wewe nani?" au anajiuliza. Linganisha jibu lake hapo na maelezo ambayo msimulizi alishatupa. Pengo kati ya mawili hayo ndilo la kuandikia.

Insha za wanafunzi huharibika wapi?

Kosa la kwanza ni kumwita msimulizi mwandishi: "Poe anakiri kumuua mzee." Hutokea kwa sababu nafsi ya kwanza inavuta, na katika Kiswahili "ni-" iko kwenye kila kitenzi. La pili ni utangulizi wa nusu ukurasa kuhusu umuhimu wa utambulisho kwa binadamu wote. Ufute, anza na tukio. La tatu ni kumgeuza Rip kuwa Marekani na mkewe mgomvi kuwa Uingereza, kisha kusimama hapo. Usomaji huo una ukweli, lakini haugusi hata kidogo ukweli kwamba Rip anasimulia.

Bartleby anajibu nini kwa Kiswahili?

Jibu lake ni "I would prefer not to". Kulitafsiri "Sitaki" ni kosa. Kungekuwa kukataa, na wakili angejua la kufanya: kumfukuza. "Siwezi" ni udhuru. Maneno yake ni ya adabu na ya masharti, hayakatai wala hayakubali, kwa hiyo "ningependelea nisifanye" inakaribia. Ni refu na linakwaruza sikio kidogo, na linapaswa kukwaruza; makarani wenzake wanaanza kulitumia bila kujijua, jambo lisiloaminika ukitumia neno la kila siku kama "sitaki".

Nitumie toleo gani?

Zote zimetoka nje ya hakimiliki na zinapatikana bure mtandaoni. Kabla ya kupakua, nenda mwisho wa faili. Rip Van Winkle kamili ina dokezo la Knickerbocker baada ya hadithi. Sleepy Hollow kamili ina nyongeza ambamo msimulizi, akibanwa kuhusu ukweli wa kisa, anajibu kwamba yeye mwenyewe haamini hata nusu yake. Matoleo mengi ya shule na ya watoto hukata vipande hivyo ili kubakiza njozi. Kama faili yako inaishia kwa wanakijiji wakisikia radi za Catskill, au kwa sauti ya Ichabod ikiimba zaburi bondeni, tafuta nyingine.